Naiba Majani

Mwalimu Mkuu wetu alitoka pwani, na masikio yake yalipata tabu tangu wiki ya kwanza. Msichana wa Kidato cha Kwanza alimwomba ruhusa ya kwenda nyumbani kwa sababu, alisema, baba amejifungua. Kwa Kigusii, baba ni mama, na baba mzazi huitwa tata. Mtoto alikuwa amechanganya lugha kwa furaha ya kupata mdogo wake. Mwalimu Mkuu alimpa ruhusa, kisha akaja kutuuliza chumbani mwa walimu kama watu wa huku wana miujiza ambayo hajaambiwa. Tulicheka mpaka chai ikatupalia.

Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, juu mlimani kati ya Kisii na Nyamira, imezungukwa na chai na migomba ya majirani. Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu. Mimi nilikuwa mzaliwa wa Nyakoe, Mkatoliki, nimetoka chuoni juzijuzi, na hasira zangu zilikuwa karibu kama kibiriti mfukoni. Nilifundisha Dini. Mwalimu Mkuu alifundisha hesabu, na kwake jibu sahihi lisilo na hatua lilikuwa jibu la kubahatisha, likapata sifuri. Kwa hilo nilimheshimu sana. Nilichomchukia ni ratiba. Hesabu ilipewa asubuhi, Dini ikatupwa mchana baada ya ugali, wasichana wakiwa wanasinzia. Nilipolalamika alinijibu kwa upole, "Mwanangu, hesabu yataka akili iliyoamka. Dini ni ya moyo."

Nilitoka pale nimefura. Kana kwamba moyo hauhitaji kuamka!

Muhula huo kabichi za bustani ya shule zikaanza kupotea. Leo moja, kesho nyingine, na mpishi akawa analalamika kila siku. Asubuhi ya Ijumaa moja Mwalimu Mkuu akatembea mwenyewe nyuma ya jikoni, akakutana na msichana wa Kidato cha Pili akitokea upande wa bustani, mikono imejaa utomvu wa majani. Akamuuliza alikuwa akifanya nini. Msichana akajibu bila kusita, akamwamkia kwa adabu, akaenda darasani. Adhuhuri akaitwa na kuambiwa afungashe vitu vyake, kwa kuwa ameiba na amekiri mwenyewe. Alitoka kwao Nyamarambe, na kwao hakuna aliyewahi kuvuka darasa la saba kabla yake. Nilimwona amekaa juu ya sanduku lake nje ya bweni, haelewi kitu.

Jioni hiyo tulikuwa na mkutano wa walimu. Kwanza tulijadili karatasi ya hesabu ya msichana mwingine, aliyedai amenyimwa nusu alama. Mwalimu Mkuu alitupitisha katika kila mstari. Hapa alijua nini? Hapa alidhania nini? Je, hatua hii yatokana na ile? Chai iliisha, ikaletwa nyingine. Msichana akapata nusu alama yake.

Ndipo Mwalimu Mkuu akasema, "Kuna jambo la yule mwizi wa kabichi. Alikiri mbele yangu, basi aende. Kuna lingine?"

Mwalimu wa nidhamu, Msabato, alikuwa akichungulia dirishani. Jua lilikuwa linashuka na Sabato yake inakaribia. "Hakuna," alisema, akachukua kofia yake.

Nilisimama. Sikumbuki kama niliamua kusimama. Nilisema kwamba nusu alama imekula chai yote ya shule, na maisha ya mtoto wa watu hayakupewa hata muda wa kikombe kupoa. Nilisema kama ukweli wa pembetatu unastahili kuthibitishwa hatua kwa hatua, basi ukweli kuhusu mtu unastahili hivyo na zaidi, kwa sababu pembetatu haina mama anayeisubiri Nyamarambe. Mimi nikikasirika Kiswahili cha chuo hunitoroka na Kigusii huingia kutawala ulimi. Nikamalizia kwa kelele, "Mbeni nafasi! Mbeni nafasi ajieleze!"

"Mpeni, Mwalimu," alisema Mwalimu Mkuu, kwa mazoea tu. "Mpeni."

Hapo nikagutuka. Sisi Wagusii *p* hatukuzaliwa nayo. Wengine tunaipata shuleni kwa kuchekwa, wengine hawaipati kamwe.

"Mwalimu," nikauliza polepole, "msichana alisema maneno gani hasa?"

"Alisema, 'Nilikuwa naiba majani.' Nilimsikia kwa masikio yangu haya."

Tukamwita. Aliingia macho yamevimba. Mwalimu Mkuu akamwambia arudie aliyoyasema asubuhi, neno kwa neno.

"Nirikuwa naiba majani," alisema.

Mwalimu Mkuu akanigeukia. Nikajikaza. "Ukaiba majani ya nani?" nikamuuliza msichana.

Macho yalimtoka. "Mwarimu, mimi sikuiba! Nirikuwa naiba majani, ndama! Ire ndama ya shure, mama yake arikufa. Naiba kira asubuhi. Nisiboiba inaria."

"Sema paka," nikamwambia.

"Baka."

"Sema pilipili."

"Biribiri."

Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameweka kofia mezani. "Mwarimu Mkuu," alisema, naye akiona haya, "ata mimi nasema ivyo ivyo. Naiba, yaani unaitorea mkono, unaiba chakura." Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, kwa kuwa nilikuwa nimeogopa kweli. Msichana alikuwa anaipa ndama majani. Tangu adhuhuri, kumbe, "ameiba" aliisikia kuwa "ameipa", akadhani anafukuzwa kwa kosa la kulisha mnyama wa shule bila ruhusa.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Mwalimu Mkuu hakucheka. Alichukua chaki, akaenda ubaoni, akafuta ile hesabu ya nusu alama.

"Basi hakukiri," alisema. "Lakini kutokukiri si kutokuiba. Bado hatujathibitisha kitu. Majani aliyatoa wapi?"

Nilitaka kumrukia! Halafu nikaona aibu, kwa sababu ndilo hasa nililokuwa nimelipigia kelele. Nilikuwa nimedai hatua, na sasa nilipopata hatua iliyonipendeza nilitaka tuishie hapo.

Tukaenda bandani. Ndama, mwekundu na mwembamba, alikuja kumlamba msichana vidole. Horini mlikuwa na mabaki ya majani ya viazi vitamu, na hapakuwa na jani hata moja la kabichi. Msichana alisema hupewa na mama jirani ng'ambo ya ua, anayevuna viazi. Jua lilikuwa limegusa mlima. Nilimwambia mwalimu wa nidhamu aende nyumbani, Kigusii cha jirani nitakitafsiri mimi. Akakataa, akasema hata siku ya Sabato mnyama aliyetumbukia shimoni hutolewa, sembuse msichana. Akamwita yule mama kwa Kigusii, naye akaja uani na jembe begani akasema ndiyo, humpa kila asubuhi, na huyo mtoto ana adabu, kwani kuna nini?

Mwalimu Mkuu aliuliza maswali mengine kadhaa, yote ya maana. Mwisho akasema, "Aliyeiba kabichi hatumjui. Na tusiseme tunamjua." Mpaka leo hajajulikana. Mpishi alimshuku nungunungu.

Baada ya hapo kipindi changu kilihamishiwa asubuhi. Wasichana walijuta, kwa maana nilianza kuwadai hatua kama Mwalimu Mkuu. Wakiniandikia tu kwamba kusema uongo ni vibaya, nilikuwa nawarudishia: vibaya kwa nani, kwa nini, na je, ukimficha mtu anayewindwa? Walinung'unika sana, lakini hawakusinzia tena. Wengine walianza kubishana nami mpaka bwaloni, na sikuwahi kufurahi kazini kama miaka ile.

Lakini kwanza, Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile, kwenye paredi, Mwalimu Mkuu alimwita msichana mbele ya shule nzima. Alieleza alichosikia, alichodhani, na mahali alipokosea, kwa mpangilio kama wa ubaoni. Kisha akasema, "Niliruka hatua, mwanangu. Naomba unisamehe."

Msichana alitazama viatu vyake, kisha akamtazama usoni.

"Nimekuba msamaha, Mwarimu."

Wasichana wa nyuma walikenua. Mwalimu Mkuu, ambaye alizoea kutusahihisha hata salamu, aliinamisha kichwa.

"Nimeupokea," alisema.