Ingia Basi

Watu wa filamu walipobisha hodi, Shangazi alikuwa ameinamia cherehani akipinda shuka, na hakuinuka. Siku hizi waliokuja kwake walikuwa wa aina mbili tu: wenye suruali zilizopasuka na wenye kuuliza kama nyumba inauzwa.

"Mlango uko wazi," akasema, pini zikiwa mdomoni.

Wakaingia watatu. Mbele binti mwembamba mwenye kofia, ndiye mwongozaji; nyuma yake mpiga picha, mwanamume mnene mwenye goti bovu; na wa mwisho kijana wa sauti ambaye wenzake walimwita Kimya, kwa kuwa ndilo neno alilolisema kutwa nzima.

"Shikamoo, Shangazi. Tunatafuta korido," binti akasema.

"Marahaba. Mmeipotezea wapi?"

Wakacheka, naye akawaonyesha. Korido yenyewe ilitoka sebuleni mpaka jikoni, hatua kumi na nne, vyumba viwili huku na viwili huku, dirisha hata moja hakuna. Mwongozaji akasimama jikoni, akageuka kuutazama mlango na giza lililokuwa nyuma yake, akashika kifua. "Ni yenyewe," akasema.

Hakuwa shangazi wa mtu pale mtaani. Jina alipewa na watoto wa jirani, likamganda. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa chumba cha mashuka katika hospitali kubwa, akitia viraka na kushona yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa mgongoni. Nyumba waliachiwa na baba yao, yeye na dada yake. Dada alikuwa mwalimu wa chekechea. Posa zilikuja zikapita. Huyu alikataa kwa sababu ya yule, na yule kwa sababu ya huyu, mwisho watu wakaacha kuuliza. Walipika kwa zamu, wakagombana juu ya chumvi, wakazeeka pamoja bila kuona ajabu.

Kisha Dada, akiwa na miaka sitini na miwili, akaenda kliniki ya macho kupimwa miwani, akarudi na mchumba.

Ndivyo Shangazi alivyopenda kulisimulia jambo lile, kwa kejeli. Mchumba alikuwa mpima ardhi mstaafu, mjane, mtu wa nchi jirani aliyekuja kutibiwa macho. Baada ya miezi sita Dada akasema, "Mdogo wangu, naolewa." Na Shangazi akatamka neno ambalo angeweza kulimeza: "Uzee umekupanda kichwani."

Harusini hakwenda; alisema ana homa. Siku Dada alipoondoka, alisikia masanduku mawili yakiburutwa koridoni. Yakasimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Yeye alikuwa amekanyaga cherehani, inakwenda mbio, wala sindanoni hamkuwa na uzi. Masanduku yakaendelea na safari.

Ilikuwa imepita miaka miwili. Mwanzoni Dada alipiga simu kila Jumapili, akajibiwa "nzuri", "salama", "haya kwaheri". Simu zikapungua, kisha zikabaki za sikukuu. Ukimuuliza Shangazi angekwambia bado ana hasira. Mwenyewe aliamini hivyo.

Filamu ilianza kupigwa Jumatatu. Madirisha yakafunikwa kwa vitambaa vyeusi, na saa nne asubuhi nyumba ikawa usiku. Shangazi hakuvumilia kuona nyuzi zikining'inia. Akavishusha vile vitambaa vyote, akavipinda ncha, akawarudishia. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia akae nje.

Habari ya filamu ilikuwa hivi: mwanamke yuko peke yake nyumbani, anaosha vyombo, mgongo ameupa mlango.

"Na jini anatokea wapi?" Shangazi akauliza.

"Hatokei," mwongozaji akasema.

"Filamu ya kutisha bila jini? Si watazamaji watawapiga mawe?"

"Yupo, Shangazi. Lakini nikimwonyesha mapema watu watamzoea. Watasema, aa, mtu kapakwa unga." Akamvuta mbele ya skrini ndogo. "Tazama. Kamera nimeiweka chini, kimo cha mtoto aliyekaa, ili mlango uonekane mrefu kuliko ulivyo. Huyu mama nimemsukuma pembeni kabisa. Upande huu wote uliobaki nimeupa mlango. Sasa wewe unatazama wapi?"

"Mlangoni."

"Wakati kuna nini mlangoni?"

"Hakuna kitu."

"Ndiyo hivyo. Jicho halivumilii nafasi tupu. Litakaa pale lingoje mtu."

Kamera iliwekwa juu ya kigari chenye magurudumu laini, na mpiga picha alikuwa akiisukuma polepole hata kobe angempita. Kwanza, alieleza huku akikanda goti, wataangusha kifuniko cha sufuria. Mama atashtuka, ataona ni kifuniko tu, atajicheka. Watazamaji nao watacheka na kulegea. Hapo ndipo kazi inapoanza.

"Unalegeza uzi kabla ya kuukaza," Shangazi akasema.

"Wewe ungefaa kazi hii," mpiga picha akasema.

Kimya naye alikuwa na mambo yake. Alichomoa friji, akaifungia saa ya ukutani ndani ya kabati, akaziba upenyo wa mlango wa nje kwa blanketi. "Kwanza wasikie maji ya bomba," akamwambia Shangazi. "Kisha bomba lifungwe. Halafu naipunguza sauti, naipunguza, mpaka mtu asikie pumzi yake mwenyewe. Ukipunguza sauti, mtu hujisogeza mbele asikilize. Akishajisogeza, nimempata."

Walirudia mara tatu. Mara ya kwanza kigari kiligonga kiti, ya pili mwigizaji alipiga chafya, ya tatu mbwa wa jirani akatia neno lake. Mara ya nne kila kitu kikaenda sawa. Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya skrini. Kifuniko kikaanguka, mama akajicheka. Bomba likafungwa. Tone moja, tone la pili, kisha kimya kikatanda.

Jikoni hapakuwa na aliyepumua. Mpiga picha jasho lilimtiririka na hakulifuta. Binti wa vipodozi alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake. Walijua fika kwamba koridoni hamna kitu, wao wenyewe ndio walioifagia asubuhi, na bado wote walikuwa wakiomba asitokee mtu.

Shangazi aliitazama nafasi ileile tupu. Alijua ni nani anayepita pale. Alijua ndara zake, ya kushoto ikiburuta kidogo. Alijua atasimama hapo, mkono kwenye fremu ya mlango, aulize kama chai imechemka, na kabla hajajibiwa aseme imechemka sana. Sekunde kumi zikapita, zikafika ishirini. Kamera ikazidi kusogea, na mlango ukazidi kuwa mtupu.

"Ingia basi," Shangazi akasema.

Mwigizaji alipiga ukelele wa kweli, sahani ikaenda chini.

"Kata!" Mwongozaji alikuwa amejishika kichwa, lakini anacheka. Wote walikuwa wanacheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. "Shangazi, umetutisha kuliko jini! Ulikuwa unamwambia nani?"

"Paka."

"Una paka?"

"Sina," Shangazi akasema, akainuka kwenda kutafuta ufagio.

Wakati wa chakula cha mchana Kimya alimfuata chumba cha kushonea na mashine yake mkononi. "Shangazi, ile sauti yako imeingia. Nimekuja kukuuliza kabla sijaifuta." Akamvisha visikilizi masikioni kwa adabu, kama anayemvisha mama yake miwani.

Shangazi alijiandaa kusikia sauti aliyoizoea, ile kavu ya "haya kwaheri". Akasikia tone la maji, akasikia kimya, halafu mwanamke akasema, ingia basi. Hamkuwa na hasira hata chembe ndani yake. Alikuwa mtu anayembembeleza mwenzake.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nirudishie tena."

Alimrudishia mara tatu. Ya tatu Kimya alitazama pembeni, akajifanya anakunja waya.

Shangazi akatoka uani na simu, akasimama kati ya mashuka yaliyoanikwa. Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Nani amekufa?" Dada akauliza.

"Hajafa mtu."

"Sasa?"

"Wanapiga filamu hapa nyumbani."

"Filamu gani?"

"Ya majini."

"Jini ni wewe?"

Shangazi akashika pindo la shuka lililokuwa karibu, akaanza kulinyoosha.

"Dada, lile neno nililokwambia..."

"Nililisikia siku ileile. Huna haja ya kulirudia."

"Rudi basi. Hata wiki moja. Chumba chako sijakigusa."

"Siwezi, mdogo wangu. Shemeji yako haoni tena, hata mkono wake haoni. Nikienda dukani tu ananiuliza nimekaa wapi." Akavuta pumzi. "Miaka miwili nakungoja wewe. Ingia basi."

"Niingie wapi?"

"Ingia basi! Basi la abiria! Linaondoka huko Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Nilishauliza tangu mwaka juzi."

Hapo wakacheka, wote wawili, mpaka mpiga picha akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Pasipoti ilichukua wiki saba. Shangazi hakuwahi kuvuka mpaka wowote maishani, na alipopigwa picha alinuna hata karani akamwomba afikirie kitu kizuri. Filamu ikawa tayari kabla ya pasipoti. Mwongozaji akamtilia kwenye simu yake. Hakuifungua. Alitaka kuifungua huko.

Aliifungua siku ya tatu baada ya kufika, alasiri, wamekaa kwenye kochi, shemeji katikati. Ajabu, aliyeogopa zaidi alikuwa shemeji, ambaye hakuona kitu. Bomba lilipofungwa alijisogeza mbele, vidole vimekaza goti. "Kuna nani mlangoni?" akanong'ona.

"Hakuna mtu," Dada akasema.

"Basi mbona hawasemi kitu?"

Dada aliinamia simu. Alikuwa anaitazama korido. Machozi yalimshuka na hakuyapangusa, pengine ili mumewe asisikie mkono ukienda usoni. Shangazi akamwona, na kwa mara ya kwanza likamwingia akilini kwamba katika miaka ile miwili mtu wa pili naye alikuwa akiikumbuka nyumba, hatua kwa hatua, zote kumi na nne.

Kesho yake wakaenda sokoni wawili, wameshikana mikono. Dada alisalimiana na kila mtu kwa lugha ya kule. Alitania, akataniwa, akabishana na muuza nyanya mpaka wote wakacheka. Shangazi hakuambulia neno. Alibaki akitabasamu kama mgeni, maana alikuwa mgeni. Dada alikuwa amekonda kidogo, amejifunza kutembea polepole, mwendo wa mtu aliyezoea kuongoza kipofu.

"Kaa huku," Dada akasema ghafla. "Chumba kipo. Cherehani tutanunua."

"Nitafikiri."

"Wewe ukisema utafikiri, umeshakataa."

"Basi nimeshakataa. Nitakuja tena mwezi wa sita."

Dada akaubana mkono wake, wakaendelea kutembea. Yule Dada wa jikoni, wa chumvi na chai iliyochemka sana, hakuwepo tena mahali popote. Huyu hapa alikuwa mwingine, ana joto, ana harufu ya vitunguu, na alikuwa wake. Shangazi alimshika mkono barabara, huku akimkumbuka yule.