Nilimtishia kwa Jina la Kwetu

Serikali ilikuwa imesimamisha ajira, na sisi tuliomaliza shahada ya udaktari wa sayansi tulizurura kwenye korido za chuo kikuu na vyeti mkononi. Mimi nilipata tundu moja tu la kupenya: nafasi ya utafiti ng'ambo, kwenye chuo kilichotaka mtu anayeujua ulezi. Ulezi! Zao lililonilea mimi! Walichobakiza kudai ni barua ya profesa aliyenisimamia, iwafike kabla ya Septemba.

Profesa wangu, mzee wa rika la baba, akaanza kunipiga kalenda. Njoo Jumatatu. Njoo Alhamisi. Mara ya sita uzalendo ukanishinda. Nikamwambia mbele ya katibu muhtasi wake, "Sawa, mzee. Mimi nakwenda kwetu Sumbawanga. Tutajuana."

Nilijua nilichosema. Miaka yote pale walinitania kwamba kwetu ni kwa wachawi, watu husafiri kwa ungo, nami nilikasirika kila mara. Siku ile niliuchukua utani wao nikampiga nao. Katibu muhtasi aliacha kupiga taipu. Profesa hakucheka.

Nikapanda basi hadi nyumbani, kijiji cha Mollo, nje ya mji wa Sumbawanga. Ilikuwa kiangazi, upepo wa baridi unakata masikio. Mama, mtu wa rozari asubuhi na jioni, alinitazama kabla sijatua mkoba.

"Umegombana na nani?"

"Na nani tena, mama? Shikamoo."

Hakuitikia. Alikwenda kufunga mlango, na ilikuwa mchana kweupe.

Wiki ya pili ikaja telegramu kupitia parokiani: BARUA IMEKWENDA. NAUMWA SANA. WAAMBIE WAACHE.

Waache nini? Sikuwa nimemwambia mtu neno lolote, hata mama nilimwambia nimechoka tu. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya sanamu ya Bikira Maria.

"Mjibu," alisema. "Mjibu leo."

Nikaenda posta mjini. Nikajaza fomu: HAKUNA ALIYEFANYA KITU. UGUA POLE MZEE. Kisha, Mungu anisamehe, nikawaza: hofu ikimtoka, si ataandika barua nyingine ya kuifuta ile ya kwanza? Nikaitia fomu mfukoni. Kesho, nikajiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Majirani wakaanza kunipisha njiani. Mwanamke niliyesoma naye shule ya msingi alimvuta mtoto wake upande wa pili, akanisalimia akiwa ameangalia chini. Nani aliwaambia? Nilimuuliza mama. Akanijibu, "Mimi nasali tu, mwanangu," na toka siku hiyo hakusali nikiwa chumbani. Niliogopa. Mimi, mwenye udaktari wa sayansi, niliogopa kujitazama kwenye kioo cha mama.

Nafasi nikaipata. Nikarudi chuoni kuchukua karatasi zangu, na ile fomu ya posta ilikuwa bado mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo.

Profesa alikuwa hai, kakonda, koti likimpwaya. Katibu muhtasi aliponiona alitoka nje bila kuaga. Nikaitoa fomu ili mzee aisome mwenyewe.

"Mzee," nikaanza, "hakuna mtu aliye..."

Alikwisha kushika ukingo wa meza, akajiinua taratibu. Akainamisha kichwa chenye mvi.

"Shikamoo," akaniambia.

Kinywa changu kikaitikia kabla yangu. "Marahaba."