Kovu la Mtu wa Peking

Mkitaka kucheka chekeni, mimi nilishajicheka mpaka nikachoka. Kuna aibu za kuteleza kwenye matope siku ya gulio, kesho yake watu wameshasahau, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikipita Ndalambo kwa wakwe zangu hakosekani mtu mzima na akili zake wa kukohoa na kuniuliza, "Mwalimu, yule Mchina wako hajambo?"

Mimi ni mwalimu wa Historia. Kwetu ni Kilosa, ila niliolewa kwa Wanyamwanga, na mume wangu Festo ni dereva wa lori, maana yake siku nyingi yuko kwenye foleni ya Tunduma anasubiri kuvuka Zambia na mimi niko uani kwa wazazi wake. Sasa kwenye ukoo ule (sisemi Wanyamwanga wote, nasema ukoo ule) mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hamkai chumba kimoja, hamsemeshani, akitokea njia hii wewe unapinda na kujifunika khanga, na kama kuna ujumbe unapita kwa mtu wa tatu hata kama mko hatua mbili tu. Hata jina lake hulitaji, ndiyo maana nitamwita Mzee, msidhani namficha.

Mwaka ule nilikuwa nimepata nafasi ya chuo kikuu Dar es Salaam. Miaka mitatu, na mwanangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameacha kunyonya, angebaki na bibi yake. Festo alisema yeye hana neno, ila Mzee akikataa, habari imeishia hapo. Na Mzee hakukataa wala hakukubali. Alimtuma wifi yangu Eda aniambie kwamba atakuja shuleni siku ya wazazi, aione kwa macho yake hiyo kazi inayomfanya mtu amwache mtoto. Tangu hapo sikutulia. Chai inanipolea mkononi, nafagia uwanja nilioufagia asubuhi, nikikaa nasimama, nikisimama nasahau nilisimamia nini.

Ndipo Mkuu wa Shule akaniita ofisini. Barabara ya Sumbawanga ilikuwa inawekwa lami, kambi ya Wachina iko jirani, na yeye alishapiga hesabu zake: alitaka malori mawili matatu ya kifusi tuzibe lile dimbwi la getini, kwa hiyo amemwalika mhandisi wao awe mgeni. "Mwalimu," akasema, "kwenye maonyesho ya Historia tuweke kitu cha kwao. Mgeni akikuta cha kwao, moyo unalainika."

Ningesema tuchore ramani ya China, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini mimi na kiherehere changu nikamjibu, "Nitamfinyanga Mtu wa Peking."

Kwa mlioiacha Historia kidato cha pili: huyu ni mtu wa kale sana, wale wanaoitwa Homo erectus, ambaye mifupa yake ilichimbwa kwenye pango karibu na Beijing, iliyoitwa Peking zamani, upande ambao wenyeji waliokota mifupa ya zamani miaka nenda rudi, wakaiita mifupa ya joka na kuisaga dawa. (Nikifika hapo darasani, hata waliosinzia huamka.) Halafu sikieni maajabu. Yale mafuvu yenyewe yalipotea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yalifungwa kwenye masanduku yasafirishwe mahali salama, na mpaka leo hakuna anayejua yalikoishia, ila nakala zilikuwa zimeshatengenezwa, na ndizo watu wanazosomea. Nikajiambia, kama Wachina wenyewe wanatumia nakala, yangu ina dhambi gani?

Fuvu tupu sikulitaka. Huku kwetu ukikutwa na fuvu, hata la udongo, maelezo yake ni marefu. Nikaamua kumvika nyama na ngozi, awe kichwa kamili cha mtu. Udongo nilipewa na akina mama wanaofinyanga vyungu bondeni, ila picha ya kuigia ndiyo ilikuwa kama stempu, tena imepigwa fotokopi mpaka imebaki doa. Nilichoweza kufuata ni mfupa wa nyusi uliojitokeza, paji lililolalia nyuma, na kidevu ambacho ni kama hakipo. Yaliyobaki, mdomo, mikunjo ya mashavu, jicho moja linavyofinya kidogo, mkono wangu ulikwenda wenyewe, na nikajisifu kweli, nikasema kumbe nina kipaji.

Alasiri ya kuamkia siku yenyewe Eda akapita darasani kuniletea funguo. Akakitazama kile kichwa. Akatua ndoo yake chini.

"Wifi."

"Bee."

"Huyu ni baba."

"Baba gani?"

"Baba! Aliyenizaa mimi! Mpaka na kovu umemwekea, mwe bantu, jamani!"

Nikasogea, nikatazama. Juu ya nyusi ya Mtu wa Peking kulikuwa na kovu la kupinda, lile lile ambalo Mzee alilipata ujanani alipopigwa pembe na ng'ombe wa kulimia. Naapa sikumbuki kuliweka.

"Hebu niambie," Eda akasema, sasa kwa sauti ya chini, "umemwona wapi mpaka ukamjua hivi?"

Sasa nifanyeje, nikaungama. Jiko letu lilikuwa la miti, udongo umebanduka, kuna upenyo. Kila Jumapili asubuhi Mzee alitundika kioo chake kwenye nguzo ya ghala, akalipa jiko mgongo, akanyoa ndevu taratibu kama mtu asiye na deni. Na mimi nikitaka kutoka kwenda kisimani lazima nijue ameondoka au bado, si ndiyo? Kwa hiyo unachungulia. Unamwangalia mtu ili usimwangalie. Ukifanya hivyo mwaka mzima, sura inakuingia mpaka vidoleni.

"Futa," Eda akasema.

Lakini udongo ulishakauka, nilipogusa nyusi tu ukaanza kufanya ufa, na maonyesho ni kesho. Nikazunguka darasa lile kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka wazo likanijia: ndevu! Mzee hana ndevu, hajawahi kuwa nazo, kila mtu anamjua kwa kidevu kisafi. Nikachambua nyuzi za gunia kuukuu, nikazibandika kwa uji mzito wa ngano, kidevuni na mashavuni, nikarudi nyuma hatua tatu kuangalia. Sasa alikuwa mtu mwingine kabisa. Usiku ule nilikula ugali vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili.

Kesho yake saa nne wageni wanaingia getini, mimi niko darasani nanyoosha kitambaa cha meza, Eda akaja mbio amekamata sketi.

"Wifi, ana ndevu."

"Nani?"

"Baba! Si alikuwa Msangano shambani mwezi mzima? Huko hakunyoa. Zimejaa, zina rangi ya gunia hivi hivi!"

Nikazivuta zile nyuzi. Uji wa ngano, ndugu zangu, ukikauka ni saruji, nilivuta ndevu zikaja na kipande cha mdomo. Nikakirudisha kwa mate. Nikataka kumbeba mzima mzima nitoke naye, lakini mlango ni mmoja na sauti ya Mkuu wa Shule ilishafika kwenye ngazi, "karibuni, karibuni, hapa ni Historia," na nyuma yake nikasikia kikohozi ninachokijua. Mzee alikuwa mjumbe wa bodi, kwa hiyo yuko mbele kabisa. Mwiko ni mwiko. Nikarukia nyuma ya ubao wa miguu mitatu, nikajifunika khanga kichwani, na kutoka magotini kushuka chini nikabaki wazi mbele ya wazazi wote.

Mhandisi alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake ni cha kuokota kambini. (Maneno niliyasikia mwenyewe, ya kuonekana Eda alinisimulia baadaye.) Akaikaribia meza, akainama, halafu akaweka mkono kifuani. "Huyu najua," akasema. "Kwetu. Pango. Mimi mtoto, shule, nimeona." Moyo wangu ukatulia kidogo. Mkuu wa Shule nadhani alishaona malori yanaingia.

"Lakini hii hapana," mhandisi akaendelea, akagusa lile kovu. Akainua uso kuuliza, na mbele yake hatua moja amesimama Mzee. Akamtazama Mzee. Akatazama udongo. Akamtazama tena Mzee, uso ukamchanua, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Aaa! Baba! Wewe umekaa, mwalimu ametengeneza! Asante sana!" Akatoa simu, akataka wapigwe picha bega kwa bega.

Kicheko kilianza kwa vidato vya juu. "Du, kopi!" mmoja akasema, na darasa zima likalipuka. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza upande wa akina mama, ambako hakuna aliyecheka, na shangazi yake Festo alishapaza sauti: "Amemwona wapi? Ndevu zenyewe ni za mwezi huu! Huyu mwanamke amemwona wapi?" Mwingine akadakia, "Kwa hiyo anasema mkwewe ni nyani?" Nilitamani kumweleza kwamba si nyani, ni binadamu wa kale aliyechonga zana za mawe, lakini nikaona muda wake si ule. Chuo nilishakiona kinaondoka. Nyuma ya ubao nilikuwa nalia kimya kimya, naangalia kucha zangu za miguu.

Mzee akakohoa.

"Mwalimu Mkuu," akasema, "muulize aliye nyuma ya ubao. Kovu hili ameliweka jicho gani?"

Mkuu wa Shule akaugeukia ubao. "Mwalimu, Mzee anauliza kovu liko jicho gani."

"La kushoto," nikauambia ubao.

"La kushoto, Mzee," akapokea, kana kwamba Mzee yuko Tunduma.

"Langu liko kulia."

Watu wakanyoosha shingo. Ni kweli, lilikuwa kulia.

"Mtu mwenye uso huu na kovu kushoto," Mzee akasema polepole, "mimi namjua. Anakaa kwenye kioo changu. Dada, acha kelele. Mkwe hajaniona mimi. Kaona kioo."

Eda anasema hapo watu wazima, na mhandisi mmoja, walikuwa wakigusa nyusi zao huku na huku kuhakiki. Mkuu wa Shule alihakiki mara mbili. (Kuhusu ndevu, mpaka leo hakuna aliyeniamini.)

"Halafu mwambie," Mzee akaongeza, "aende Dar es Salaam akasome. Tena aende mapema. Akibaki hapa, mwakani atamfinyanga mama mkwe wake."

Hata shangazi alicheka. Na mimi kwa furaha nikauegemea ubao, nao, miguu yake mitatu ikiwa ni ya kazi ya serikali, ukaenda chini na vumbi la chaki likapaa hadi kwenye kenchi za paa. Nikabaki nimesimama kweupe, khanga kichwani, machozi na makamasi. Lakini Mzee alishanipa mgongo, anasoma ratiba ya vipindi ukutani kwa makini kabisa, na hakugeuka mpaka Eda aliponitoa nje. Nilimpenda sana dakika ile, yule mzee, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Kifusi kilikuja, malori mawili. Na mimi nilipofungua begi langu Dar es Salaam, chini kabisa, ndani ya khanga iliyofungwa vizuri, nilikuta kile kioo cha kunyolea. Nikampigia Eda kumuuliza, maana nilidhani kimeingia kwa bahati mbaya.

"Hapana," akasema. "Baba kakiweka mwenyewe. Kasema ukitaka sura ya kufinyanga, utumie ya kwako."

Ninacho mpaka leo, na nimetii. Kila mwaka nikifika somo lile nakitegemeza dirishani, nachukua udongo, naanza na mfupa wa nyusi, na wanafunzi huwa wanatazama kile kichwa, wananitazama mimi, halafu wanainama kwenye madaftari yao kwa adabu kubwa.