Siku Bibi Alipofunua Kitambaa Cheusi

Iko siku moja, mwanangu Kemilembe, ambayo mpaka leo nikiikumbuka naacha ninachofanya. Ni siku ambayo Devotha alifunga nadhiri zake za daima, na Bibi akasimama katikati ya misa. Wewe ulikuwa bado shule ya msingi, ukaachwa nyumbani Ihanda, kule Karagwe, na homa yako, kwa hiyo umeisikia kwa vipande tu, tena kutoka kwa watu wanaopenda kuongeza chumvi. Nataka uisikie kwangu.

Najua utacheka ukiona nakuita mwanangu. Sijakuzidi miaka mingi, sijaolewa, na shahada yangu bado inakaa kwenye bahasha ikisubiri kazi. Lakini mimi ni mdogo wa mama yako, na kwetu mdogo wa mama ni mama. Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba ukimaliza kidato cha nne unataka kwenda kwa masista, nimeandika maneno haya na kuyafuta, nikaandika na kuyafuta. Leo nimeamua kutofuta.

Devotha ndiye dada yangu niliyemfuata kuzaliwa. Alipoachishwa ziwa, Mama alikuwa mgonjwa, akachukuliwa na Bibi, mama yake Baba. Alilala kitanda cha Bibi mpaka alipoondoka kwenda utawani. Bibi alikuwa Mlutheri na ni Mlutheri mpaka leo. Ukatoliki aliuleta Mama alipoolewa. Bibi alimruhusu Devotha aende kwa masista bila kelele. Alikuwa na swali moja tu, nalo aliliuliza miaka yote: "Akizeeka, maji atapelekewa na nani?"

Alikuwa akituuliza huku akimenya ndizi. Baba alisema, "Mama, hayo ni ya Mungu." Mama alisema, "Utaona siku yenyewe, utafurahi." Mimi nilisema, "Bibi, shirika lina utaratibu wake," ingawa utaratibu wenyewe sikuujua. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Alimtania mbele ya wageni: "Mama, wewe lia mahari tu! Binti anaondoka hata jembe moja halijaletwa. Mkwe wako ni askofu, nenda ukamdai." Watu wakacheka. Bibi naye akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye ndizi zake.

Siku ilipokaribia, unanijua. Niliwaza kila kitu. Niliwaza mvua, nikakodi turubai. Niliwaza magoti ya Bibi, nikabeba dawa ya kuchua. Niliwaza rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, isije ikachachuka zaidi njiani, gari lisije likakwama Kihanga, kitenge cha sare kisije kikakosa kumtosha shangazi mnene, askofu asije akasema jina la ukoo vibaya. Jioni ya kuamkia siku yenyewe tulifika kule Kyerwa, kwenye nyumba kuu ya masista, nikamkuta mnovisi mmoja, msichana aliye bado kwenye mafunzo ya usista, anapiga pasi kitambaa kikubwa cheusi, kipana kama shuka la vitanda viwili. Nikadhani ni cha kufunikia spika mvua ikinyesha. Mimi ninayeuliza kila kitu, hicho sikukiuliza.

Misa ilianza vizuri. Walikuwa wanne waliofunga nadhiri, wamevaa meupe, Devotha wa pili kutoka kushoto. Tulikaa benchi la mbele kwa sababu sisi ni familia. Bibi alikuwa pembeni ya njia, amevaa sare, na mabegani amejifunga kile kitenge chake cha zamani cha rangi ya kahawia, ambacho tulimwomba akiache nyumbani akakataa.

Baada ya mahubiri waliitwa kwa majina. Kila mmoja aliitika, "Nipo hapa." Kisha wakalala kifudifudi sakafuni mbele ya altare, mikono chini ya paji la uso. Kwaya ikaanza litania ya watakatifu. Na hapo masista wawili wakatoka sakristia wamekibeba kile kitambaa cheusi. Wakakikunjua, wakawafunika wote wanne kuanzia kichwani hadi miguuni.

Mwanangu, mashirika mengine hayafanyi hivyo. Hilo la Devotha linafanya. Maana yake ni kwamba anakufa kwa maisha aliyokuwa nayo, anaamka na maisha mengine. Siku ile hakuna aliyekuwa ametuambia. Niliona tu miili minne chini ya kitambaa cheusi.

Bibi amezika watoto wake watatu. Anajua kitambaa cheusi ni cha nini.

Sikumwona akisimama. Nilisikia fimbo yake ikianguka. Nilipogeuka alikuwa ameshafika mbele, mikono kichwani, analia kile kilio cha msibani ambacho hakifundishwi na mtu. Bibi aliinama, akashika pindo la kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta chote.

Kanisa zima liliguna kwa pamoja. Kwaya ikakatika sauti moja baada ya nyingine. Alibaki yule sista anayeongoza litania, maana alikuwa amefumba macho. "Mtakatifu Monika," akaimba, na watu wachache nyuma kabisa wakaitikia, "Utuombee." Kisha naye akafumbua macho.

"Omwana wange," Bibi akasema, mwanangu. "Amka. Amka twende nyumbani."

Devotha hakuinua uso. Mabega yalikuwa yanatikisika. Askofu alisimama kutoka kwenye kiti chake, akabaki amesimama. Mama Mkuu wa shirika alipiga hatua moja akasita. Kila mtu alikuwa anamtazama Devotha, kwa sababu akiamka wakati ule, yamekwisha. Na nitakuambia jambo lililonishtua kuliko kilio cha Bibi: moyoni nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, amka, dada. Miaka yote nimepiga makofi na kuwaambia watu dada yangu ni sista, kumbe ndani nilikuwa nataka arudi nyumbani. Sikuwa nalijua hilo.

Kwenye mabenchi ya masista wazee aliinuka mmoja, Sista Adventina, mfupi, mgongo umepinda, anatembea kwa kushika viti. Tulitegemea amshike Bibi mkono amtoe nje. Hakumtoa. Alijishusha polepole mpaka akakaa chini sakafuni, mbele ya askofu, miguu ameinyoosha kama mtu aliyekaa jikoni kwake. Akamvuta Bibi pindo la kitenge, naye akakaa. Wakazungumza Kinyambo, Sista akitangulia kwa heshima, na kwa ukimya uliokuwepo tulisikia kila neno.

"Waitu, mama, nani amefariki?"

"Huyu. Mmemfunika."

"Mguse."

Bibi akamgusa Devotha shingoni.

"Ana joto?"

"Ana joto."

"Anapumua?"

"Anapumua. Analia. Mnamliza."

"Basi hajafa," Sista Adventina akasema. "Lakini sitakudanganya. Yule wa kukuzalia vitukuu pale kibanjani, kwenye migomba yako, yule wa kuja kukuchotea maji siku utakaposhindwa, huyo unampoteza leo. Ni kweli unampoteza. Mlilie, una haki. Mama yangu alifungiwa nyumbani siku yangu ili asilie mbele za watu, na mimi nililala hapohapo nikimtafuta kwa masikio."

Bibi alilia. Askofu akakaa. Hakuna aliyemharakisha.

Alipopunguza, Sista Adventina akasema neno ambalo nilimwona Mama Mkuu akilishtukia. "Kitambaa unacho wewe. Mfunike wewe mwenyewe. Ukikataa, mimi nitakuwa wa kwanza kusema asifunikwe na mtu mwingine."

Bibi alikitazama kile kitambaa mapajani mwake. Akamtazama Devotha. "Wewe," akamwambia, kwa sauti aliyokuwa akituamshia kwenda shule. "Ni wewe unayetaka, au wamekutia maneno?"

Devotha akajibu akiwa vilevile, uso sakafuni, sauti imejaa makamasi. "Ni mimi, Bibi. Ni mimi ninayetaka."

Hapo Bibi akafungua kile kitenge chake cha kahawia mabegani. Akakitandaza juu ya mgongo wa Devotha, akakichomeka pembeni, hapa na hapa, kama alivyokuwa akimfunika tulipokuwa wadogo na baridi ya Juni imeingia. Kisha akashika pindo la kitambaa cheusi, Sista Adventina akashika pindo la pili, na wale wazee wawili wakawafunika wote wanne. Hawakurudi kwenye viti. Walibaki wamekaa pale chini, Bibi ameshika ncha ya kitambaa kama anayeshika kamba ya ndama.

"Endeleeni," akawaambia kwaya.

Wakaendelea. Baba mdogo alikuwa analia kama mtoto, na tangu siku ile sijamsikia akitaja mahari ya Devotha.

Litania ilipoisha, Bibi ndiye aliyewafunua. Devotha alisoma nadhiri zake huku kitenge cha kahawia kimemning'inia bega moja juu ya nguo nyeupe, na hakuna aliyethubutu kumwambia akitoe. Askofu alimvika pete. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, nikilia, na sikujua kipi ni kipi.

Baadaye, watu wakiwa wanakula chini ya turubai, Sista Adventina alinikuta nahesabu sahani.

"Wewe ndiye mdogo wake?"

"Ndiyo, Sista. Shikamoo."

"Marahaba. Uliandaa nini kwa ajili ya leo?"

Nikamwambia turubai, dawa ya kuchua, sare, usafiri.

"Na Bibi mlimwandaaje?"

"Sista, hatukujua habari ya kitambaa."

"Sikuulizi kitambaa. Kitambaa ni kosa letu, tutajirekebisha. Nauliza Bibi. Miaka yote hii alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia lile swali la maji. Hakucheka.

"Mwanamke anauliza swali miaka yote, nyie mnamnyamazisha kwa jina la Mungu," akasema. "Halafu mnashangaa akipiga kelele kanisani. Mwite."

Alituchukua mimi na Bibi nyuma ya jiko, kwenye nyumba ndogo wanakokaa masista waliozeeka. Mbele ya mlango palikuwa na uzio wa miti ya kawaida tu. Ndani, sista mzee sana aliyekuwa hawezi tena kusimama alikuwa amelazwa dirishani, na mnovisi kijana, mikono ya nguo ameikunja, anamnywesha maji kwa kikombe cha bati, akisubiri ameze, akimfuta kidevu, akisubiri tena. Hawakuwa ndugu. Mmoja alikuwa wa Bweranyange, mwingine katokea upande wa Burundi. Yule mzee alikuwa anamgombeza kwamba maji ni ya baridi mno, na mnovisi anamjibu, "Haya, malkia, kesho nitakuletea ya moto uungue," na wote wawili wanacheka.

Bibi aliwatazama kutoka mlangoni. Akaingia, akaomba kikombe, naye akanywa.

"Kumbe ni swali lenye jibu," akasema.

Alisema hivyo tu. Njia nzima ya kurudi Karagwe alisinzia begani kwangu, bila kitenge.

Sasa wewe, Kemilembe. Mama yako ameniambia hujazungumza naye vizuri tangu mwezi uliopita. Alikuuliza kwa nini, ukamjibu, "Ni wito, hamwezi kuelewa," ukaingia chumbani. Nimeliwaza jibu hilo, na unajua mimi nikiwaza nawaza. Ni jibu lilelile tulilompa Bibi, ila wewe umelivalisha nguo nyingine.

Sikukatazi kwenda. Sina haki hiyo, na Devotha ni mtu mwenye furaha kuliko mimi. Ninachokuomba ni kwamba usimfiche mama yako upande mgumu ukamwonyesha keki na vigelegele tu. Mwambie utaishi na watu usiowachagua. Mwambie utatumwa mbali, na huenda siku akiugua usiwepo. Mwambie habari ya kitambaa mapema, jikoni, akiwa amekaa, aulize anavyotaka na alie anavyotaka. Swali usilolijua jibu lake, mwambie hujui, kisha nendeni wote wawili mkaliulize kule; mlango wao uko wazi. Ukiona huwezi kumtazama mama yako usoni ukasema "ni mimi ninayetaka," basi bado, subiri, hakuna anayekufukuza. Na ukiweza, nenda, mwanangu, wala usigeuke.

Kile kitenge Devotha amekitandika kitandani kwake utawani mpaka leo. Bibi anakiulizia kila akipata simu yake, kama anaulizia mtoto.

Mungu akulinde popote utakapolala na popote utakapoamka. Akupe wa kukuletea maji, na akupe nguvu za kumpelekea mwingine. Na ikifika siku ya wewe kufunikwa, mikono itakayoshika pindo iwe ya mtu anayekujua, aliyekwisha kulia, na aliyekubali.