Kibuyu Kilichosalia Nyuma ya Jiko

“Hamira ameitia nani?”

Babu yangu ndiye aliyeniuliza hivyo, na siku ile naikumbuka mpaka harufu yake. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sijaota mvi, kwa kuwa mimi ni shangazi yako, na kwa kuwa nusura usizaliwe kwa sababu yangu.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Bongwe na shahada ya kemia na mdomo mrefu. Baba yako alikuwa anamposa mama yako, kwao upande wa Kinango, na kwao posa haifunguliwi bila tembo la mnazi lililochachuka vizuri. Mjomba wa mama yako alikwisha kutuonya: tusipofika Jumamosi na tembo la maana, kuna kijana wa Galu, wa hotelini, anasubiri jibu.

Babu ndiye aliyekuwa mgema. Ijumaa mchana nilivitazama vibuyu vyake, vyeusi ndani, vina mashapo ya miaka. Nikaogopa. Nilikuwa nimesoma habari za watu waliopofuka kwa pombe, basi nikamkalisha babu nikamfundisha. Kaboni na hidrojeni zina familia, nikamwambia: methani, ethani, propani, butani, kila mmoja anamzidi aliyemtangulia kaboni moja na hidrojeni mbili. Mwondolee methani hidrojeni moja, umpe oksijeni iliyoshikana na hidrojeni, anakuwa methanoli, na huyo hupofusha. Mfanyie ethani vivyo hivyo, unapata kileo cha kwenye tembo.

“Ndugu kabisa,” babu akasema, “na mmoja muuaji. Kama kwetu tu.”

Alipokwenda kulala kidogo, nilivichemshia maji vibuyu vyote, nikavisugua kwa sabuni na dawa ya klorini. Kisha nikavifunga vitambaa midomoni, nyigu wasiingie. Babu alipoamka alivinusa kimoja kimoja. Hakunigombeza. Jioni ilikuwa imefika na vingine vya kutega hakuna, akapanda navyo minazini, vitambaa na vyote.

Alfajiri akapanda kuvishusha, akaonja, akanipa na mimi.

“Sharubati,” akasema. “Nikampelekee mzee wa watu sharubati? Atasema tumekuja kuposa mtoto.”

“Lakini sukari imo, babu. Hamira itaigeuza tu.”

“Hamira ameitia nani, daktari?”

Nilichungulia kibuyu nilichokisugua; hamira ilikuwa kwenye weusi ule nilioutoa. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake mpya, ananitazama, na sitaki kukuelezea macho yale.

Babu akazunguka nyuma ya jiko. Akarudi na kibuyu kimoja kikuukuu ambacho sikukiona nilipokuwa naosha. Akamiminia humo lile tembo tamu, kiasi kilichoenea, akalitikisa, akaliweka mbele yangu. “Sikiliza.”

Niliweka sikio. Mwanzoni kimya. Baada ya muda likaanza kunong'ona, kisha kuvuma kama mvua inayokuja juu ya makuti ya nyumba ya jirani. Hakuna moto chini yake, na povu linapanda! Nilikuwa nimeuandika mlinganyo ule mara ngapi kwenye karatasi, sukari ikigawanyika kuwa ethanoli na kaboni dioksidi? Sikuwahi kuusikia ukisema.

Adhuhuri tuliondoka. Mjomba alikunywa, akafuta midomo, akakinusa kibuyu tukadhani tumekwisha. “Hili lina mwenyewe,” akasema. “Haya, binti na aitwe.”

Mwanangu, sasa umeanza kemia na unabishana na kila mtu. Bishana. Mimi sijaacha. Methanoli ni hatari kweli, nayo haitoki kwenye weusi wa kibuyu. Hilo ningelijua kama ningeuliza kabla ya kuchemsha maji. Basi kitu usichokielewa kiulize kwanza kimebeba nini, ndipo ukioshe. Na shaka yako ianze na sabuni yako mwenyewe. Mwenyezi Mungu akupe akili kali na sikio la kusubiri, na usichoke kustaajabu.

Babu alikuwa amekwisha kufariki nilipokuja kusoma, miaka mingi baadaye, kwamba hamira haipotei utamu unapoadimika. Nyigu huihifadhi tumboni, ikiwa hai, na huwalisha wanawe chakula kilicho nayo, ili kizazi kipya kiirudishe kwenye utamu. Nyigu wale wale niliowafungia kitambaa.