Shule Isiyo na Msalaba

Shule yetu ilijengwa pale ambapo site, mtaa wetu wa wafanyakazi, inaishia, ng'ambo ya mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali. Ukitoka nyumba ya mwisho ulipita majani marefu, ukazunguka mashimo yale yaliyojaa maji ya mvua, ndipo ukayaona mabati yake yaking'aa kwa ukali uliokulazimisha kufumba jicho moja. Kabla yake watu wa Kamina walijua shule za mapadri tu, zenye kengele, mashamba ya mihogo na watoto wa kuyalima. Hii ilikuwa ya Leta, serikali yenyewe, na hakuna aliyekumbuka Leta ikimpa mtu kitu zaidi ya kodi, barabara ya kufagia na kifungo. Kwa hiyo Jumapili baada ya misa watu walikwenda kuitazama kama wanaokagua mzigo ulioachwa njiani na mwenyewe haonekani.

Walikagua hasa vitu ambavyo havikuwepo. Juu ya mlango hapakuwa na msalaba. Uani hapakuwa na sanamu ya Bikira. Katika kila darasa, juu ya ubao, palikuwa na msumari mmoja usioning'iniza chochote, na wanawake wa mtaa wetu walishikilia kwamba kitu kilikuwepo pale kikaondolewa. Siku ya kwanza tulipimwa urefu na uzito, na jioni hiyohiyo jirani yetu alimwambia mama kupitia ua kwamba mbuzi njo wanapimaka, si watoto. Wengine walisema tunaandaliwa kupelekwa kambi ya askari. Wengine walisema walimu wale, wazungu waliovaa kaptula na kuchekacheka na wake zao barabarani, hawakubatizwa. Hili la mwisho nililiamini, kwa sababu niliwahi kumwona mmoja wao akila nyama siku ya Ijumaa.

Baba alinipeleka huko kwa sababu ya mashaka mengine. Alikuwa mgeuza reli kwenye njia panda ya treni, kazi inayomfundisha mtu kutoamini kitu mpaka kimepita. Miaka sita alikuwa amewaona mapadri wakichagua watoto: huyu seminari, huyu awe mwalimu wa kijijini, huyu arudi kwa baba yake akalime. Mimi nilikuwa kundi la tatu. Baba hakuuliza kwa nini. Aliposikia kwamba shule ya Leta inachagua kwa mtihani tu, alivaa koti lake la arusi, tukaenda.

Direkta, mkuu wa shule, alimpa karatasi. Mzazi alitakiwa kuchagua: mtoto asome dini, au asome somo waliloliita morali, la wale wasiotaka dini. Baba alisoma karatasi ile mbele na nyuma, akatia alama kwenye dini, akatia sahihi. Kisha hakuiachia. Aliishika mezani kwa vidole viwili akipuliza wino mpaka ukakauka kabisa, akaomba apewe nyingine kama ile akaiweke nyumbani. Direkta alicheka, akasema karatasi moja inatosha. Kicheko kile baba alikibeba mpaka nyumbani, na kwa wiki nzima alikisimulia kama mtu anayesimulia dalili za ugonjwa.

Nasi tuliochaguliwa dini tulikuwa wanne. Jumanne na Alhamisi, saa nne, tuliingia chumba chetu na kumngoja padri. Hakuja. Mapadri walikuwa wameapa kutokanyaga jengo lile. Tulikaa mbele ya ubao safi, tukisikia darasa la jirani likicheka. Baada ya mwezi direkta alisema hawezi kuacha watoto bila mwalimu. Tuhamie nyuma ya darasa la morali, tukae tu, hatulazimiki kusikiliza.

Tukapatana sisi wanne kusali rozari kwa vidole chini ya dawati, saa nzima, ili sauti ya mzungu yule isipate mahali pa kuingilia. Siku ya kwanza nilifika Salamu Maria ya kumi na saba. Siku ya pili ya tisa. Mwalimu alikuwa kijana mwenye upara, anayeongea kwa mikono na miguu. Siku moja alitaka kutuonyesha kwamba mwizi hujitesa mwenyewe. Akawa mtu aliyeiba kuku akamficha chini ya kofia, halafu njiani akakutana na msimamizi mzungu. Na mbele ya mzungu kila mmoja wetu alijua jambo la kufanya: kuvua kofia. Mwalimu alizunguka darasa amekishika kichwa, akiinama, akisalimu kwa mguu, akitokwa jasho la kweli, na kuku akilia chini ya kofia. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Vidole vyangu vilikuwa wapi, sikumbuki.

Kwaresima ikafika, na pamoja nayo tikiti. Kila mwaka katekista wetu alipita nyumba kwa nyumba akiwapa Wakristo wazuri kijikaratasi cha rangi chenye muhuri wa misioni. Bila hicho hupokelewi kwenye kitubio cha Pasaka wala kwenye komunyo, na asiyekula Pasaka jina lake hufutwa, na aliyefutwa akifa huzikwa upande wa pili wa barabara, pasipo maombi. Wadogo zangu wawili wamelala upande wa misioni. Mama alikuwa amekwisha kuuonyesha uwanja mdogo kando yao, chini ya mti wa musasa, akasema pale panamtosha.

Siku ile alinawa mikono, akasimama mlangoni. Katekista alitoka kwa jirani, akapita mbele yetu akitazama chini. Mama akamwita. Ndipo akasema, bila kuinua macho, kwamba mompe, yaani padri, anajua mutoto wa nyumba hii anakaaka mu darasa la bantu bila Mungu. Tikiti hakuna.

"Nani alimwambia?" mama akauliza.

"Mama, minyi ni mutu wa kutumwa tu."

Akaenda zake. Mama alibaki na mikono yake iliyolowa, akaifuta kwenye kitenge, upande mmoja kisha wa pili.

Nyumba yetu ikawa nyumba ya upelelezi. Baba alimshuku direkta: bila shaka alama ilihamishwa kutoka dini kwenda morali na karatasi ikapelekwa misioni. Akaenda kuidai. Direkta akaitoa kabatini, na alama ilikuwa palepale baba alipoiacha, na wino uleule. Baba alirudi na mashaka zaidi kuliko aliyoondoka nayo. Aliniambia kwamba mutu anayetunza karatasi vizuri vile iko na sababu.

Mimi nilianza na wenzangu watatu wa rozari. Mmoja aliishi kwa mjomba wake asiyesali, nikamwondoa. Wa pili na wa tatu, mama zao walikuwa wamekwisha kupata tikiti, nalo hilo lilitosha: kwa nini zao na si yetu? Nilipowauliza waliniuliza kwa nini nauliza. Kuanzia hapo kila mmoja alisali akimtazama mwenzake vidole.

Lakini aliyenikaa moyoni zaidi hakuwa miongoni mwao. Alikuwa jirani yangu wa dawati katika masomo mengine, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, wa zile familia za Waislamu zilizotoka Maniema zamani, tulizoziita Mangwana. Baba yake alimchagulia morali kwa kuwa somo la dini yao halikuwepo. Alikuwa rafiki yangu. Tulikula karanga kutoka mfuko mmoja. Ila nilikumbuka kwamba siku ya kuku aligeuka, akaniona ninavyocheka, akatabasamu. Tabasamu lile nililigeuza kichwani siku tatu mpaka likawa ushahidi.

Nikamkabili uani, mbele ya wote.

"Weye njo ulienda kusema kwa mompe."

Alinitazama kama anayengoja mwisho wa mzaha. Alipoona mwisho hauji, akasema, "Minyi? Baba yangu akisikia nilipita hata nyuma ya kanisa lenu, atanichapa mpaka nisahau jina. Ningemwambia mompe wenu nini? Bonjour, mompe, minyi mutoto wa Mangwana, nakuletea habari?"

Uwanja mzima ukacheka. Mmoja akaiga Mangwana akipiga magoti mbele ya padri, na kicheko kikazidi. Yeye hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu, "Nilifurahi kuona unacheka. Njo vile tu." Akaingia darasani, akachukua vitabu vyake, akahamia dawati la mbele kabisa.

Jumamosi baba alinichukua kwenda misioni. Padri alikuwa barazani akitengeneza mnyororo wa baiskeli, mikono myeusi kwa grisi. Alitusikiliza bila ukali. Alisema jambo ni rahisi: mutoto atoke kule, aingie darasa la misioni Jumatatu, na mama yake atapata tikiti siku hiyohiyo. Nafasi ambayo miaka sita haikuwepo sasa ilikuwepo. Baba alilitambua hilo, nilimwona akilimeza. Kisha akauliza nani alileta habari.

Padri alifuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa. "Mbele ya kuniuliza minyi," akasema, "uliza mu nyumba yako."

Njia nzima baba alitangulia mbele. Nilihesabu watu wa nyumba yetu, na hesabu haikuwa ndefu.

Mama alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Baba hakumuuliza, alisimama tu mbele yake, naye akaendelea kuchekecha kidogo, kisha akaweka chekecheo chini. Akasema njo yeye. Siku moja nilisahau chakula, akaniletea. Akasimama dirishani, akaniona nyuma ya darasa la bantu bila Mungu, nimeegemea ukuta, nacheka. Hajawahi kuniona nikicheka vile kanisani wala nyumbani. Hofu ikamshika. Akaenda kwa mompe barazani, akamuuliza swali moja: kucheka mu darasa lile ni zambi ao si zambi? Mompe hakumjibu. Alimuuliza jina la mtoto, na siku, na saa.

"Nilitaka kujua tu," mama akasema. "Nani mwingine ningemuuliza?"

Baba alikaa kwenye kinu kilicholala. Baadaye akasema basi imeisha, Jumatatu mtoto anaenda misioni, na mama atakula Pasaka yake. Nilitazama unga. Nilijua uwanja ule mdogo chini ya musasa una upana gani.

Mama akanigeukia. "Ulikuwa unacheka nini?"

Nikamwambia. Mwanzoni kwa woga, kisha nikasimama nikashika kichwa, nikainama, nikasalimu kwa mguu. Hakucheka. Alisikiliza kama anavyosikiliza habari za safari ya mtu wa kwao.

"Halafu, alivua kofia?"

"Alikataa. Wakamfunga kwa kukosa heshima. Kuku hawakumuona."

Alifikiri. "Na kuku, alifika nyumbani?"

Nilisema mwalimu hakutuambia.

"Utamuuliza Jumatatu," mama akasema, akainua chekecheo chake. Baba alifungua kinywa. Yeye akamwambia kwa Kiluba, kwa upole uleule wa kumkaribisha chakula, kwamba alikwenda kwa mompe kuuliza, si kuuza. Baba akafunga kinywa.

Pasaka aliamka mapema kuliko sote, akavaa kitenge chake cha chama cha akina mama, akaenda. Alikaa katikati ya benchi, mahali pake pa miaka yote. Ilipofika komunyo wanawake waliinuka na tikiti zao mkononi, na ili kutoka ilibidi wayaruke magoti yake. Wa kwanza alisema pole. Wa pili alipita akitazama altare. Jirani yetu alizunguka upande mwingine kabisa, akisukuma watu. Nilimtazama mama nikiwa upande wa wanaume. Hakuyavuta magoti yake nyuma hata kidogo, wala hakuinamisha kichwa. Waliporudi, waliyaruka tena.

Rafiki yangu nilimwomba radhi mara mbili. Mara zote alisema yamekwisha, na mara zote alibaki dawati la mbele. Padri hakuja saa nne ya Jumanne wala ya Alhamisi mpaka nilipomaliza. Nami mpaka leo, ninapoandika haya, sijui kama mama aliniacha pale kwa ajili ya masomo yangu, au kwa hasira ya swali lake lisilojibiwa. Niliwahi kumuuliza. Akanitazama kwa jicho lilelile alilokuwa nalo baba akipuliza wino, akauliza nani amenituma.