Siku Ayeeyo Alipobisha Hodi kwenye Nyumba ya Matao

Nikiwa mtoto mdogo kule Buna, hakuna mtu wa kwetu aliyethubutu kuikanyaga nyumba ya matao. Ilijengwa na mkubwa mmoja wa serikali ya kikoloni: kuta nene za mawe, baraza iliyozunguka pande zote, dari ya juu sana, madirisha marefu yaliyoelekea upepo unakotoka. Mkubwa alikuwa amekwenda zake zamani, nyumba ikabaki tupu. Ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba, alituambia ina majini.

"Anayeingia humo hatoki," alisema. Sisi wachunga mbuzi tukawa tunapita mbali nayo.

Adhuhuri moja tulikuwa tukimpeleka shangazi Habiba zahanati, ana mimba pevu, uchungu ukamzidi njiani. Jua lilichoma, na kivuli kilikuwa kimoja tu, cha nyumba ile. Shangazi aliketi mchangani, akamshika Ayeeyo mguu.

"Hooyo, mama yangu, siwezi tena."

Ayeeyo aliitazama nyumba. Kisha akamwinua binti yake, wakapanda ngazi, akasimama chini ya tao.

"Assalamu alaykum, wenye nyumba. Tumekuja na mgeni. Tupisheni."

Nilitega sikio nikingoja jibu. Ayeeyo akatutangulia kuingia. Ndani kulikuwa na ubaridi ambao sikuwahi kuujua. Upepo uliingia dirisha hili ukatokea lile. Hapo sakafuni, juu ya mtandio wa Ayeeyo, shangazi alijifungua mtoto wa kiume, na kilio chake kikajaa dari yote.

Jioni, shangazi amelala, nilimuuliza Ayeeyo majini walikwenda wapi.

"Kaka yangu aliitwa humu na wakoloni. Walidai kaficha ngamia waliotakiwa na serikali. Aliingia mlango ule kwa miguu yake. Hatukumwona tena, wala kaburi hatukuonyeshwa. Ningewaambia nini watoto?"

Siku hizi naishi Garissa. Husikia wageni waliofika Buna wakiisifu nyumba ile, na siwabishii. Aliyeijenga alilijua jua letu. Majini sina hakika nao, ila najua Ayeeyo hakutudanganya. Alitupa hofu ambayo mtoto angeweza kuibeba, ile nyingine akabaki nayo mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile aliwashinda majini. Sasa naona alifanya jambo gumu zaidi. Alikwenda kuomba hifadhi kwenye mlango uliommeza nduguye, na akaiomba kwa salamu.